Meza, Gulio na Leseni: Majibu kwa Mama Lishe na Wachuuzi wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaouza wakiwa wamesimama: mama lishe, wachuuzi wa magulio, vijana wa njia panda, na mkulima mmoja aliyezuiwa njiani na gunia zake. Nilipozisoma kwa mfululizo niliona kwamba shida iliyomo ni moja, nayo ni kwamba mtu ana karatasi halali mkononi lakini anaulizwa karatasi nyingine, naye anadhani anaonewa. Na wakati mwingine kweli anaonewa. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa ombi lao.

Kitambulisho ninacho. Mbona naulizwa mengine?

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama lishe karibu na stendi ya Mkanaledi, Mtwara, huu ni mwaka wa sita. Nilikuwa na kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo cha shilingi 20,000, na sasa nimejiandikisha kwa hiki kipya. Mwezi uliopita walikuja wakaguzi, mmoja akaniuliza cheti cha afya, mwingine akaniuliza leseni ya biashara, na jioni yake mkusanya ushuru akapita na mashine yake kama kawaida. Nilidhani kitambulisho kinamaliza yote. Je, kitu kimoja nakilipia mara ngapi?*

Marahaba, mwanangu. Hulipii kitu kimoja mara nne, ingawa naelewa kwa nini inaonekana hivyo kwa mtu anayetoa fedha zote kwenye pochi moja. Kila karatasi uliyoulizwa ina swali lake. Kitambulisho kinajibu kwamba wewe ni nani na unafanya biashara ndogo. Cheti cha afya kinamjibu anayekula kwamba mikono iliyomsongea ugali haina ugonjwa wa kumwambukiza. Leseni inajibu kwamba biashara ya aina hii imeruhusiwa mahali hapa, na ushuru ni malipo ya eneo ulilolitumia leo. Karatasi moja haibebi kazi ya nyingine, hata kama zote zimetolewa na Serikali ileile.

Fikra kwamba kitambulisho kinamaliza yote haikutoka hewani. Desemba 2018, Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 wawagawie wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao ghafi hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na ujumbe uliosikika hadi vijijini ulikuwa kwamba mwenye nacho asisumbuliwe. Kitambulisho cha sasa ni kingine. Kiko chini ya wizara inayoshughulika na maendeleo ya jamii na makundi maalumu, usajili wake hufanywa na maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ada yake ni ileile shilingi 20,000, na kinadumu miaka 3. Pamoja na kukutambulisha kinakufungulia njia ya mikopo, na kwa sababu hiyo tu nakushauri usiache kukifuatilia. Hakikuondoa mamlaka ya afisa afya, wala kile cha kwanza hakikuwahi kuyaondoa.

Sasa tutazame hizo milioni 4, kwa sababu hapo ndipo mama lishe wengi wanapojikwaa bila kujua. Milioni 4 ni mauzo, si faida. Ukigawa kwa miezi 12, na kila mwezi ukauza siku 26, unapata shilingi 12,820 kwa siku. Ukiuza sahani ya ugali na samaki kwa shilingi 2,000, sahani ya saba ya siku hiyo imeshakuvusha. Mama anayepika kilo mbili za unga, akanunua samaki kwa mkopo alfajiri, na akarudi nyumbani na faida ya shilingi 4,000, kwa hesabu ya mauzo ghafi amekwisha kutoka katika kundi la wadogo kabisa. Naandika kwa kupima maneno, lakini naamini kwamba kiwango hiki kinamwonea muuza chakula kuliko muuza pipi au muuza nguo za mitumba, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha inayopita mikononi mwake ni ya unga, mafuta, mkaa na samaki, wala si yake. Jambo hili linafaa kufikishwa kwa madiwani na wabunge wa Kusini, nao walipeleke mbele.

Hadi litakapobadilishwa, jilinde kwa daftari. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi, na mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000 kwa mwaka, ilhali mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Tuseme unauza sahani 10 kwa siku kwa bei ile ya shilingi 2,000. Kwa mwaka ni shilingi 6,240,000. Ukiwa na daftari, asilimia 3 ya kilichozidi ni shilingi 67,200. Usipokuwa nalo ni 100,000. Daftari la kurasa mia, linaloandikwa kila jioni kabla hujaosha masufuria, limekuokolea shilingi 32,800. Kabla ya kulipa, muulize ofisa wa kodi kama viwango hivyo bado ndivyo vinavyotumika, kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa upya kila mwaka.

Leseni nayo ina mzizi wake katika Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Biashara kubwa zenye sura ya kitaifa au kimataifa hupata leseni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na nyingine, zikiwamo migahawa na maduka ya rejareja, hupata kwa halmashauri, ambako siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa. Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi yaani TIN, uthibitisho wa mamlaka ya mapato, TRA, kwamba hudaiwi, na maelezo ya mahali pa biashara. Leseni hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Je, wewe unaihitaji? Ukiwa unauza chini ya mwavuli na meza unaikunja jioni, wewe ni mfanyabiashara ndogondogo na kitambulisho ndicho kilichokusudiwa kwako. Lakini ikiwa umekwisha jenga banda lenye paa la bati, una viti, una mkataba wa pango na wasichana wawili wa kukusaidia, afisa biashara atakuona kuwa mwenye mgahawa, na sitamlaumu. Jikague mwenyewe kwanza, kisha nenda ofisini kwake ukiwa na vielelezo vyako vyote, umuulize uko kundi gani, na umwombe jibu kwa maandishi. Mwenye jibu la maandishi hazungushwi na mkaguzi wa kesho.

Kuhusu afya sitasema mengi, kwa sababu hapa sioni la kulalamikia. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa afya wajibu wa kukagua wanaoandaa chakula cha kuuza, na utaratibu uliozoeleka ni kupimwa kila baada ya miezi 6. Kumbuka kwamba wanaopimwa ni wote wanaogusa chakula, pamoja na binti anayekuoshea sahani. Ndoo mbili za koki, sabuni, kawa juu ya kila sahani na mfuniko juu ya kila sufuria, na maji ya kunawa yanayotiririka badala ya beseni moja la watu ishirini: haya ndiyo ofisa atakayoyatazama kabla hajaomba karatasi. Mihogo usiifunge kwenye mifuko laini ya plastiki, maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Limebaki la ushuru. Risiti ya mashine ya POS, ile ya mkusanya ushuru, ndiyo ushahidi wako, lakini karatasi ile hufutika. Mama mmoja wa Mikindani alinionyesha kopo la maziwa ya unga alilohifadhia risiti za miezi mitano juu ya rafu iliyo karibu na jiko. Alipolimimina mezani, zaidi ya nusu zilikuwa nyeupe kabisa, hazina tarehe wala kiasi, na alikuwa amelipa kila siku bila kukosa. Joto ndilo lililozila. Tangu siku hiyo anazipiga picha kwa simu kila jioni, na tarehe anaiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kila moja. Nawe fanya hivyo.

Nafuata msimu wa korosho. Leseni yangu ya Dar es Salaam inatosha?

*Ndugu mhariri, nina duka la nguo Kariakoo lenye leseni halali. Kila mwaka kuanzia Oktoba hadi Januari hushuka na mzigo Tandahimba, Newala na Masasi kufuata msimu. Mwaka jana katika gulio moja niliambiwa leseni yangu haifanyi kazi huku. Kwani Tanzania si moja?*

Tanzania ni moja, ndugu yangu, lakini leseni yako haikutolewa kwa Tanzania nzima. Ilitolewa kwa mlango mmoja wa duka ulioandikwa juu yake. Sheria inataka kila mahali pa biashara pawe na leseni yake. Kwa hiyo aliyekuambia hivyo alikuwa sahihi kwa sehemu. Kwa sehemu tu, kwa sababu kuna tofauti kati ya kupanga fremu na kushusha mzigo gulioni.

Ukipanga fremu Tandahimba kwa miezi minne, umefungua tawi, na tawi linaombewa leseni katika halmashauri hiyo. Usingoje mpaka mzigo uwe njiani. Fika kwa afisa biashara mwezi Septemba, kabla mji haujafurika, kwa sababu Oktoba utamkuta na foleni ya watu wenye shida kama yako, na wewe fremu umekwisha kuilipia. Ukiuza kwa siku moja gulioni, kisha ukahamia gulio la kijiji kingine, kinachokuhusu ni ushuru wa gulio, unaolipwa kwa siku na kwa kiwango kilichoandikwa katika sheria ndogo ya halmashauri husika. Viwango hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri, kwa hiyo bei ya Newala usiidai Masasi. Kabla hujatandika turubai lako, jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji. Ni adabu, na pia ni kinga, kwani likitokea la kutokea yeye ndiye atakayesema kwamba anakufahamu.

Mashine yako ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, usiiache Kariakoo. Wajibu wa kutoa risiti unakufuata wewe mwenye biashara popote unapouza, na mkulima wa Nanguruwe anayenunua godoro ana haki ya risiti sawasawa na mteja wa Mtaa wa Kongo.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini nitalisema kwa uzito kuliko yote, kwa sababu nimeliona likivunja watu wazima. Mkulima akikujia kabla ya mnada, hana fedha, anataka kanga mbili na koti la mtoto, naye akakuambia atakupimia korosho ghafi kwa bakuli, kataa. Hiyo ndiyo kangomba, na haisafishwi na leseni yoyote. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi huuzwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS, katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima huweka mzigo ghalani, akapewa stakabadhi, na mzigo ukauzwa kwa mnada, ulioanza kutumika mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008 chini ya sheria ya mwaka 2005. Ukipokea bakuli, umenunua nje ya mfumo, na zaidi ya hayo umemlipa mkulima kwa bei ya shida yake. Watoto wake ndio watakaolipa tofauti hiyo mwezi Februari, wakati fedha za msimu zimekwisha. Uza kwa fedha taslimu au kwa simu, la sivyo subiri malipo ya mnada yaingie.

Gunia zangu za makopa zimezuiwa kizuizini

*Mimi ni mkulima wa Newala. Nilikuwa napeleka gunia 7 za makopa, yaani mihogo mikavu, kwa dada yangu Mtwara mjini, ambaye huyatwanga na kuuza unga. Kwenye kizuizi cha barabarani nikaambiwa nilipie ushuru wa mazao. Je, ni halali?*

Kwa mzigo wako, hapana. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na pamoja na hilo ikaondoa tozo hiyo kwa mazao yasiyozidi tani 1 yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Gunia 7 za makopa, hata tukikadiria kila moja kilo 80, ni kilo 560.

Tatizo hutokea pale watu 15 wanapochanga kukodi lori moja. Mzigo mzima unazidi tani, na mwenye kizuizi anaona mzigo mmoja wa mtu mmoja, wala hana njia ya kujua vinginevyo. Andikeni jina la kila mwenye mali juu ya gunia zake kwa rangi isiyofutika, na mbebe barua ya mtendaji wa kijiji yenye orodha ya majina na idadi. Barua hiyo imewahi kuokoa safari nyingi. Dada yako naye aelewe kwamba msamaha huu ni wa njiani. Akiweka meza sokoni atalipa ushuru wa soko kama wenzake. Wala asidhani mtu kwamba kwa njia hii ataweza kusafirisha kilo 900 za korosho ghafi, kwa sababu hiyo ni habari nyingine, nimekwisha kuieleza hapo juu.

Walichukua meza, sufuria na fedha. Sikupewa kitu

*Nauza chapati na chai katika mji mmoja wa mkoa wa Lindi. Asubuhi moja mgambo walikuja, wakabeba meza, jiko na sufuria mbili. Mmoja akasema nikitoa shilingi 30,000 ataniachia. Nikatoa. Sufuria moja sijaiona hadi leo na risiti sikupewa. Nikilalamika si nitaharibiwa biashara?*

Pole sana, mama. Nimesoma barua yako mara mbili na nimekasirika kwa niaba yako, lakini hasira yangu haitakurudishia sufuria, kwa hiyo tuzungumze utaratibu.

Halmashauri hupata uwezo wa kutunga sheria ndogo kutoka katika sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, zile za Sura 287 kwa wilaya na Sura 288 kwa miji. Sheria ndogo haiwi sheria kwa sababu kikao kimeamua au mtu ametangaza kwa kipaza sauti; lazima iidhinishwe na waziri mwenye dhamana na itangazwe katika Gazeti la Serikali. Ndani yake ndimo huandikwa kosa ni lipi, adhabu ni kiasi gani na nani anaruhusiwa kuitoza. Una haki ya kuomba kuiona. Unaposimama mbele ya mtendaji wa kata na kumwambia kwa upole, "Naomba kuona kifungu," hujamtukana mtu.

Kile kinachoitwa faini ya papo kwa papo, kwa lugha ya sheria ndogo, ni kufifilisha kosa. Maana yake ni kwamba mkosaji anakiri kwa hiari yake na kwa maandishi, kisha analipa kiasi kisichozidi adhabu iliyowekwa, na mambo yanaishia hapo bila kufika mahakamani. Usipokiri, hakuna wa kukulazimisha kulipa barabarani. Wakupeleke mahakamani ukajitetee. Malipo yote ya Serikali siku hizi yana namba ya kumbukumbu ya malipo, hulipwa benki au kwa simu, na risiti hutoka. Shilingi 30,000 zilizotoka mkononi mwako zikaingia mfukoni mwa mtu bila namba wala risiti hazikuwa faini. Zina jina lake, na TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wana ofisi Lindi.

Andika leo, kabla kumbukumbu haijachakaa: tarehe, saa, vitu vilivyochukuliwa kimoja kimoja pamoja na ukubwa wa sufuria, waliokuwapo, na namba ya gari kama kuna aliyeiona. Nakala moja ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kila mahali ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo. Kuhusu hofu yako ya kuharibiwa biashara, usiende peke yako. Mlio katika safu moja nendeni watu watano au sita, na kama mna umoja wenu tumieni jina la umoja. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza wafanyabiashara wadogo wapangwe katika maeneo maalumu, alitaka lifanyike bila vurugu wala kuwaonea watu, na maneno hayo mnaweza kuyakumbusha mbele ya ofisa yeyote.

Niongeze kitu kidogo, kwa kuwa barua yako imetoka Lindi. Neno hili tunalowaitia wachuuzi nchi nzima, machinga, wengi hulihusisha na Wamachinga, wenyeji wa mkoa wenu, ambao vijana wao walitangulia kutembeza bidhaa mikononi katika mitaa ya Dar es Salaam. Inaniuma zaidi kusikia mchuuzi akinyang'anywa jiko katika ardhi iliyoipa biashara hiyo jina lake.

Korosho za kukaanga madirishani mwa mabasi

*Sisi ni vijana wanane tunauza korosho za kukaanga Mnazi Mmoja, pale barabara ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika kwenda Mtwara na Masasi. Tumeambiwa tuondoke. Tukiwa na vitambulisho wanaweza kutuondoa?*

Wanaweza, wanangu, na sababu ni barabara wala si biashara yenu. Barabara kuu ina hifadhi yake ya mita 30 kila upande kutoka katikati, inayosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara, chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na halmashauri haina uwezo wa kumpangia mtu kibanda humo ndani. Kitambulisho hakiwezi kumzuia dereva aliyekatikiwa breki. Mnapokimbilia dirishani wakati basi halijasimama, hakuna hata mmoja wenu anayetazama gari linalokuja nyuma.

Ombeni kwa pamoja, kupitia kwa mtendaji, eneo la kushushia abiria lililo nje ya hifadhi, lenye nafasi ya basi kuingia na kusimama. Mabasi huvutwa na mahali penye choo na chakula. Na kwa kuwa mko wanane, jiandikisheni kama kikundi, maana halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Siku mkitaka kufunga korosho zenu katika pakiti zenye jina na kuzipeleka madukani, mtaingia kwa TBS, shirika la viwango, waliopokea kazi ya usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Anzieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako mjasiriamali mdogo hupata barua ya kumwezesha kuanza safari ya alama ya ubora bila kubebeshwa gharama zote.

Binamu kutoka ng'ambo ya Ruvuma

*Nipo Nanyumbu. Binamu yangu ni raia wa Msumbiji, anataka kuja kuuza vitenge katika magulio yetu kwa jina langu. Sisi ni Wamakonde wote, babu mmoja. Kuna ubaya?*

Kwa damu hakuna ubaya wowote, na mto haukugawa ukoo wenu. Kwa sheria upo. Julai 2025 ilitolewa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na uuzaji wa bidhaa wa rejareja kama huu umo. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Huyo raia anayesaidia, katika barua yako, ni wewe. Njia iliyo wazi ni wewe kununua vitenge kwake upande wa pili, uvipitishe Mtambaswala katika Daraja la Umoja ukiwa umelipa forodha, kisha uuze kwa biashara yako mwenyewe.

Toroli la pweza

*Nauza supu ya pweza na ngisi wa kukaanga kwa toroli, jioni nipo Shangani hapa Mtwara, Jumamosi nahamia kwenye sherehe. Niombe kibali cha wapi, kwa kuwa sina mahali pamoja?*

Mahali pako pamoja ni jikoni unakochemshia. Afisa afya atataka kupaona kabla hajatazama toroli, kwa hiyo mwelekeze huko kwanza, na kitambulisho chako jiandikishe kwa kata hiyo. Kwa Shangani omba kibali cha kituo kwa manispaa, ukitaja saa zako za kuanza na kumaliza, kwa sababu muuzaji wa jioni hukubaliwa mahali ambapo wa mchana angekataliwa. Kwenye sherehe, mwenye shughuli ndiye mwenyeji wako. Akuandikie ujumbe mfupi wa simu kwamba amekualika. Toroli lipigwe rangi nyeupe, liwe na kioo au wavu mbele, na maji ya moto ya kusuuzia vikombe yasitumike kwa zaidi ya wateja wachache kabla hujayamwaga. Kibali chako na cheti chako cha afya vibebe ndani ya bahasha ya plastiki ngumu, ikae upande wa mbali na moto.